Nani Amesimama Mlangoni pa Pango? Njia ya Misafara, Mashimo ya Ardhi na Ulyankulu Yetu



Wapendwa wasomaji wetu, ni desturi ya vijana wa parokia nyingi kupanda vilima wakati wa likizo na hija, na mahali penye mwamba wenye uwazi hawakosi kuingia ndani na kutazama. Warudipo huja na maswali. Je, pango hili lilikuwa la watumwa? Je, lilikuwa la wapiganaji wa mtemi? Nani alichimba shimo lile? Maswali hayo ni mema, wala hayafai kujibiwa kwa haraka. Katika tafakari ya juma hili twapenda kuyatazama pamoja nanyi, tukianzia hapa kwetu, kwenye ardhi ya Ulyankulu na njia ya misafara ya zamani, kisha tukifuata njia hiyo hadi mahali ilipokutana na mapango yenyewe.

Maandiko Matakatifu yana mapango mengi, lakini mawili yatatusaidia. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 18, Yezebeli anawaua manabii wa Bwana. Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, anawachukua manabii 100, anawaficha hamsini hamsini katika mapango mawili, na kuwalisha chakula na maji. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 10, wafalme watano walioshindwa vitani wanakimbilia pango la Makeda. Mawe makubwa yanaviringishwa mlangoni, walinzi wanawekwa, na pango walilolikimbilia linakuwa kaburi lao. Giza la ndani ni lile lile. Tofauti ni mtu aliyesimama mlangoni: mmoja ana mkate mkononi, mwingine ana jiwe. Tunaomba mlishike jambo hili, kwa maana historia ya nchi yetu nayo imelisema mara nyingi.

Ulyankulu ya mwaka 1871

Katika karne ya 19 Tabora, au Unyanyembe kama ilivyoitwa na wasafiri, ilikuwa njia panda ya misafara. Barabara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea nchi za shaba za Katanga. Wabebaji wakuu wa barabara hiyo walikuwa Wanyamwezi. Ni vema kukumbuka kwamba wengi wao walikuwa wapagazi waliokwenda kwa ujira na kurudi nyumbani na nguo na chumvi. Si kila aliyepita na mzigo kichwani alikuwa mtumwa. Lakini wapo waliopita njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa, nao hawakurudi.

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alifunga njia ya Ujiji. Msafara mmoja wa Waarabu ulitakiwa kutoa mapipa matano ya baruti, bunduki tano na mitumba mitano ya nguo, na hata baada ya kutoa haukuruhusiwa kupita. Waarabu wa Tabora wakaamua vita. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Dk. Livingstone, akajiunga nao. Baada ya kuiteka Zimbizo, kikosi cha watu wapatao 500 chini ya Soud bin Said bin Majid kikaenda kuishambulia Ulyankulu, ambayo Stanley aliiandika Wilyankuru, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba Mirambo mwenyewe yumo ndani. Stanley alibaki Zimbizo akiwa mgonjwa wa homa.

Mji uliingiwa. Kikosi kikatoka na pembe za ndovu zaidi ya 100, mitumba 60 ya nguo na watu kati ya 200 na 300 waliofanywa watumwa. Hawakufika mbali. Mirambo alikuwa ametoka na watu wake na kujificha katika majani marefu pande zote mbili za njia. Wakainuka ghafla na mikuki, na viongozi wa kikosi wakauawa. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo alishuka hadi Tabora kwenyewe na kuichoma sehemu yake.

Tunaona hapa jambo moja. Ulyankulu haikuwa na pango la kutosha kuwaficha watu wake. Mirambo alifichwa na majani, na wale 200 au 300 hawakufichwa na kitu chochote. Pembe zilihesabiwa na mitumba ikahesabiwa, lakini watu walikadiriwa tu, tena bila hata jina moja. Wala tusidhani kwamba Mirambo alikuwa Obadia wao, kwani yeye naye aliishi kwa vita na mateka, na vijiji vingi vya Unyamwezi viliwahofu rugaruga wake. Tumpe heshima yake kama mtawala hodari, lakini tusimpake rangi isiyo yake.

Mgonjwa wa Kwihara na mapango ya Rua

Mwaka uliofuata, karibu na Tabora, katika tembe la Kwihara, Livingstone alikuwa akisubiri wapagazi. Stanley alikuwa amemwacha hapo tarehe 14 Machi 1872 ili kwenda pwani kumtumia watu. Katika miezi hiyo ya kungoja mzee huyo aliandika mpango wa safari yake ya mwisho. Angezunguka Ziwa Bangweulu kwa upande wa kusini, angezifikia chemchemi alizoziamini kuwa mwanzo wa mto Nile, angeyaona machimbo ya shaba ya Katanga, kisha angekwenda kuyatazama makao ya chini ya ardhi ya nchi ya Rua.

Habari za makao hayo alizipata kwa wasafiri wa njia hii hii. Mwaka 1869, akiwa Ujiji, aliandika kwamba katika Rua kuna watu wanaoishi chini ya ardhi. Kwamba mapango mengine husemwa kuwa na urefu wa maili 30, yaani kilomita karibu 48. Kwamba ndani yake hupita vijito vya maji. Na kwamba watu wa wilaya nzima wangeweza kuingia humo na kustahimili kuzingirwa na adui. Aliambiwa pia kuwa kutani mna michoro ya wanyama.

Wapagazi walifika mwezi Agosti, na tarehe 25 Agosti 1872 akaondoka Kwihara. Hakuyaona mapango hayo. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake wakipitia tena Unyanyembe hadi Bagamoyo, ambako ulipokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu mwezi Februari 1874.

Hesabu ya maili 30 yaelekea ilikuzwa na midomo ya njiani, kama habari zote zinavyokua zikibebwa mbali. Lakini miamba ya chokaa ya Katanga ina mapango kweli, na watu waliyatumia kweli kama kimbilio. Livingstone alisikia habari za pango kama kituko cha nchi, lakini katika maneno yale yale mlikuwa na neno lingine zito zaidi, kwamba kuna watu wanaozingirwa.

Pango lililogeuzwa kaburi

Katanga haikuwa ngeni kwa watu wa Unyamwezi. Msiri, aliyetawala huko akiwa na makao yake Bunkeya, alikuwa Msumbwa aliyetoka upande huu wetu akifuata shaba, na watu wake waliitwa Wayeke. Msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuitwaa nchi yake kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ulitoka Bagamoyo na kupita Tabora. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kuuawa. Njia iliyopeleka nguo na kuleta pembe ilikuwa sasa imepeleka dola.

Katika zama hizo za Dola Huru la Kongo, mtemi mmoja wa Wasanga aliyeitwa Mulume Niama aliongoza uasi, na ofisa mmoja wa dola akauawa. Askari wakamfuata, naye akaingia na watu wake katika pango kubwa la chokaa. Wakazingirwa. Walikataa kujisalimisha. Baada ya miezi mitatu askari walipoingia ndani walikuta maiti 178. Kisha, wakihofu mahali hapo pasije pakawa kaburi la kuheshimiwa, waliporomosha ardhi ili kufuta kila dalili.

Wapendwa, hilo ni pango la Makeda katika nchi jirani. Makao yale ambayo mzee wa Kwihara alitamani kuyaona kama ajabu ya ulimwengu yalikuwa ngome ya mwisho ya wanyonge, na ngome hiyo haikuwafaa mara baruti na subira ya adui vilipokutana mlangoni. Askari walielewa jambo ambalo sisi huenda tunalisahau: kaburi likijulikana, marehemu huendelea kusema. Ndiyo maana walitaka lisijulikane.

Mashimo ya pwani na mahandaki ya Kilimanjaro

Tukiifuata njia upande wa pili, kuelekea baharini, twakuta mashimo ya namna nyingine. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa kushurutishwa na Waingereza, alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na soko la Mkunazini likafungwa. Biashara haikufa siku hiyo, iliingia chini. Huko Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Zanzibar, kipo chumba kilichochongwa katika mwamba wa matumbawe na kuezekwa juu, ambamo watu walifichwa wakingoja jahazi la usiku. Wageni wengi hukichanganya na pango la asili lililo jirani, lenye dimbwi la maji baridi. Lile pango liliumbwa na maji. Chumba kile kilichongwa na binadamu kwa makusudi ya kumficha binadamu mwenzake asionekane na sheria.

Hapo penye Mkunazini pia wageni huonyeshwa vyumba vya chini ya ardhi na kuambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kuuzwa. Baadhi ya wanahistoria wametilia shaka maelezo hayo, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari wa Kianglikana baada ya soko kufungwa. Je, shaka hiyo yapunguza uovu wa soko? Hata kidogo. Soko lilikuwepo, na maelfu waliuzwa hapo mchana kweupe, si katika giza la shimo. Pengine hilo ndilo jambo gumu zaidi kulikubali, kwamba dhambi kubwa haikuhitaji kujificha.

Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walichimba mahandaki yenye milango myembamba, ambamo wanawake, watoto na mifugo waliingizwa maadui walipokuja. Ndani mlikuwa na njia na vyumba, na anayeingia alilazimika kuinama, hivyo adui akiingia aliingia mmoja mmoja, kichwa mbele. Na Wairaqw wa Mbulu walijenga tembe zao zikiwa zimezamishwa ndani ya ubavu wa kilima, paa likiwa sawa na ardhi, ili mtekaji wa ng'ombe apite asizione. Hawa walijifanyia wenyewe kazi ya Obadia.

Kanisa nalo lina jambo la kujifunza hapa. Wengi wetu tumesimuliwa kwamba Wakristo wa kwanza wa Roma waliishi wamejificha katika katakombe. Uchunguzi wa mahandaki hayo, ulioanza baada ya kugunduliwa upya mwaka 1578 na kuendelezwa na Antonio Bosio, hatimaye umeonyesha kwamba kwa kweli yalikuwa makaburi. Wakristo walishuka humo kuzika na kuwaombea marehemu wao. Na msimamizi wa mojawapo ya makaburi makubwa alikuwa Kalisti, mtu aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye mnamo mwaka 217 akawa Papa, na ambaye twamkumbuka kila tarehe 14 Oktoba. Mtumwa wa zamani alipewa mlango wa pango autunze, naye akautunza kwa ajili ya maskini waliokosa mahali pa kuzikwa. Ukweli huu ni mzuri kuliko hadithi tuliyoizoea.

Ulyankulu ya mwaka 1972

Turudi nyumbani. Miaka 101 baada ya mji wa Ulyankulu kutekwa, ardhi hii ilipokea watu wengine. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu ya Wahutu walivuka mpaka na kuingia Kigoma. Serikali ya Tanzania ilitenga maeneo ya makazi, na Ulyankulu likawa moja ya makazi makubwa matatu, pamoja na Katumba na Mishamo. Watu walifyeka miombo, wakajenga, wakalima. Hata maji na ardhi vilipoonekana kutotosha, mwaka 1978 makazi ya Mishamo yalifunguliwa na wengi wakahamishiwa huko, wakaanza msitu mwingine upya.

Hawakuwa na pango. Walikuwa na miti, na nchi iliyokubali kusimama mlangoni. Mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 wa kundi hilo la mwaka 1972 na watoto wao, na baada ya kusubiri kwa miaka kadhaa vyeti vilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Kwa hiyo mahali ambapo mwaka 1871 watu walichukuliwa mateka wakihesabiwa pamoja na mitumba ya nguo, ndipo watu waliokimbia kuuawa walipopewa shamba, na baadaye uraia.

Tunalisema hili kwa sababu bado husikika, sokoni na hata penye uwanja wa kanisa, neno la kumwita jirani "mkimbizi", ingawa jirani huyo amezaliwa hapa na cheti anacho. Neno hilo ni jiwe linaloviringishwa mlangoni. Anayelitamka hana haja ya bunduki. Amekwisha kuchagua upande wake.

Mnapokwenda kutazama

Kwa hiyo, vijana wetu, pandeni vilima na mwendelee kuuliza. Tunawapa mashauri machache.

Kwanza, waulizeni wazee wa mahali kabla ya kuingia. Mapango mengine ni mahali pa matambiko au pa maziko, na mgeni mwenye adabu hubisha hodi. Pili, msiandike majina yenu ukutani wala kuondoka na vigae na mifupa. Anayefuta alama afanya kazi ya wale waliomporomoshea udongo Mulume Niama. Tatu, msiingie peke yenu, wala bila taa ya ziada, wala wakati wa mvua. Nne, jihadharini na popo. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon, watu wawili walioingia, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliugua homa ya Marburg na kufa, na virusi hivyo vimeonekana katika popo wa matunda wa mapango ya Uganda. Kagera yetu ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Penye popo wengi, tazameni kutoka nje.

Tano, na ndilo kubwa, msiseme "hili ni pango la watumwa" pasipo ushahidi. Waliopita njia ya misafara walinyang'anywa majina yao. Tusiwape mahali pasipo pao ili kumfurahisha mgeni. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mahali hapo karibu pote ni juu ya ardhi, penye jua. Atakayetaka kuwakumbuka waliotembezwa kwa minyororo hana lazima ya kutafuta giza; na aanze kwa kutembea kidogo katika njia yenyewe.

Kisha, mkiwa mlangoni pa pango lolote, jiulizeni mambo mawili: nani alikuwa ndani, na nani alisimama hapa nilipo mimi? Obadia alikuwa mtumishi wa nyumba ile ile iliyowawinda manabii. Hakungoja kupata cheo kingine ndipo atende mema. Alibeba mkate na maji kwa watu 100, siku baada ya siku, akijua ni nini kingempata kama angeonekana. Juma hili kila mmoja wetu amtafute jirani mmoja aliyeitwa mgeni, ampelekee mkate wake.